Jina la Kubandika Karibu na Usukani

Mjukuu wangu Salma,

Assalaam alaykum, wewe na hiyo baridi yenu ya Kanada. Huku Wawi tu wazima, alhamdulillahi, ila macho ya bibi yako yamepungua nguvu, na nyumba imekuwa kimya tangu shangazi yako ahamie Unguja.

Umeniuliza usisahau kuweka nini katika gari hilo unalotaka kulifanya nyumba. Nitakwambia lililonikuta ujanani, nilipokuwa dereva wa lori huko bara.

Nilikuwa nikipokezana usukani na Mzee Rajabu, mtu aliyeishi ndani ya lori miaka mingi. Jiko, birika, mkeka, hata sindano na uzi, kila kitu kilikuwa na mahali pake. Nikimuuliza kwao, alikuwa akicheka: "Si hapa tulipokaa?" Nami nikaridhika.

Homa ilimchukua kwa siku mbili tu, tukiwa njiani. Imamu wa mji ule akaniuliza, "Kwao wapi, tuwapelekee habari?"

Nilikuwa nimelala ubavuni mwake miaka miwili, na kwao sikupajua. Nikapekua lori zima, nisione barua wala jina la mtu. Tukamzika, mimi na watu wasiomjua. Mpaka leo nadhani kuna nyumba mahali fulani wanakomngojea.

Sikukatazi, mjukuu wangu. Mambo ya godoro na jiko utayajua mwenyewe. Ila andika jina langu na la Wawi kwenye karatasi, ubandike karibu na usukani. Siku nikiondoka duniani, lifute, uandike la mama yako.

Babu yako,
Kombo