Nalainisha Kila Neno, na Mtihani wa Ukalimani Umenikataa

Namaste Dada Tulasa, mimi ni msomaji wako wa Rockdale, hapa Sydney, naomba unishike mkono, ingawa nakuambia mapema kwamba sijioni mwenye kosa. Nimesomea uuguzi, ombi letu la ukaazi mimi na mume wangu Nirajan limepungukiwa na pointi tano tu, na hizo tano zinapatikana kwa kufaulu mtihani wa ukalimani, ule wa kusikiliza Mnepali na mtu wa huku wakiigiza mazungumzo, nawe unamfikishia kila mmoja maneno ya mwenzake, na kwangu huo ulikuwa mteremko, kwa sababu Kinepali nilikifundisha shuleni kabla sijaja na Kiingereza nakiongea wodini kutwa, kwa hiyo niliingia kifua mbele nikatoka kifua mbele, na matokeo yakaja nimefeli.

Mazungumzo ya kwanza, ya benki, nilipata alama nzuri. Ya pili ndiyo yaliyoniangusha. Mzee mmoja wa kwetu alikuwa anaomba nyumba ya serikali, akamwambia ofisa, "Nimechoka na ahadi zenu, mnanifanya mtoto mdogo," nami kwa adabu zetu nikamwambia ofisa kwamba mzee anaomba kwa unyenyekevu kujua ombi lake limefika wapi, na ofisa alipojibu kuwa ombi limekataliwa nikamwambia mzee, "Baba, bado wanaliangalia," maana nani anamtupia mzee neno kama hilo usoni? Jirani yangu Roshani, ambaye Kinepali chake ni cha kuokoteza na amefaulu mara ya kwanza, nilipomsimulia alicheka hadi chai ikampalia. Akaniuliza, "Menuka, wewe ulikuwa unatafsiri au unaposa?"

Dada, hiyo ndiyo kazi yangu nyumbani na kila mtu ananisifu. Baba mkwe alipofariki kule nyumbani Baglung, viza ya wakati ule haikumruhusu Nirajan kusafiri, ikabidi binamu yake ndiye awashe moto wa kuchoma maiti ya mzee, kazi ambayo kwetu ni ya mwana, na tangu siku hiyo mama mkwe hasemi na mwanawe wala mwanawe hasemi naye. Kila Jumamosi mama anapiga kwangu na maneno yote yanapita kwangu. Juzi nakunja momo za nyama za kupika kwa mvuke, simu iko begani, mama akasema, "Mwambie huyo, baba yake aliwashiwa moto na mtoto wa ndugu kama mtu asiyezaa. Sikukuu hii ya Dashain asipokuja, na mimi siku yangu ya kufa asije." Nirajan akauliza kutoka sebuleni, "Anasemaje?" Nikamwambia, "Anauliza kama unakula vizuri." Akasema, "Mwambie aache kunichunga kama mbuzi." Nami nikamwambia mama, "Anakusalimu, anasema anakula." Nyumba yangu imetulia kwa sababu hiyo.

Sasa viza yetu inaisha mwakani, Nirajan anasema niandike malalamiko kwamba wasahihishaji hawajui adabu zetu, Roshani anasema nirudie mtihani. Niandike au nirudie?

Menuka, Rockdale

Menuka mdogo wangu, malalamiko usiandike. Nakujua sasa: ungeanza kuwalalamikia ukaishia kuwashukuru kwa huduma nzuri.

Kinepali chako hakina shida, na Kiingereza chako hakina shida. Shida ni kwamba unakuwa mkwe hata mahali ambapo hakuna aliyekuoa. Yule mzee ombi lake limekataliwa, ana siku chache za kukata rufaa, naye amekaa nyumbani anakunywa chai kwa sababu Menuka kamwambia bado wanaliangalia. Hapo hukumheshimu, umemnyima nyumba. Mimi nimefanya ukalimani hospitalini miaka mingi, nimewaambia watu wa rika la mama yangu habari zilizonikausha mate. Adabu niliiweka kwenye sauti na kwenye namna ya kuwaita. Habari yenyewe sikuigusa, kwa sababu haikuwa yangu. Mwite baba, shusha sauti, kisha mwambie limekataliwa.

Tuje kwako. Umeniandikia kwa kupita tu jambo lililonifanya niweke kalamu chini. Mama amesema Dashain hii ndiyo nafasi ya mwisho, na mwenye kuambiwa hajui. Nirajan anadhani mama amepoa, siku hizi anauliza habari za chakula, basi hana haraka ya tiketi ingawa viza ya sasa haimzuii. Na kule Baglung mama anadhani mwanawe amesikia yote na ameamua kula vizuri. Ungekuwa wewe ndiye mama, ungesemaje Jumamosi inayofuata? Nyumba yako imetulia kwa sababu ndani yake hakuna anayemsikia mwenzake.

Sikulaumu peke yako. Watu wazima wawili wamekugeuza mlango wao, na hakuna aliyewahi kukuuliza kama umechoka. Najua umechoka, na nakuonea huruma. Lakini ukiendelea hivi utafeli tena, na safari hii utafeli kote kuwili.

Kwa hiyo jiandikishe tena, tarehe ya mbele kidogo. Kila siku Roshani akutukane kwa Kinepali chake hicho cha kuokoteza, nawe umrudishie kwa Kiingereza tusi zima bila kupunguza. Mtacheka mwanzoni. Baada ya wiki hamtacheka, mtakuwa mnafanya kazi.

Na usisubiri chumba cha mtihani. Jumamosi hii mama akipiga, osha mikono, keti. Msikilize mpaka mwisho. Kisha nenda sebuleni, simu mkononi bila kuikata, umwambie mumeo maneno ya mama kama yalivyotoka, la moto na la mtoto wa ndugu na la siku yake. Usiongeze "lakini anakupenda." Ukiweza kulifikisha hilo, mtihani wa pointi tano hautakuwa na neno la kukutisha.

Halafu Nirajan atafungua mdomo kujibu. Jibu lake usilipokee. Mpe simu.