Shingo za Kuku wa Harusi

Jumatatu, 11 Machi 1957
Zena amelala, nimepata nafasi. Madebe matatu ya mafuta ya taa nimeyakata, nimeyakunja yawe mapana juu na membamba chini, nimeyapigilia kwenye nguzo za banda. Kuku anaingia kichwa chini, shingo inatokea kwa chini. Hapapatiki. Zamani wifi Asha alishika miguu na mbawa, mimi nikikimbizana na walioponyoka. Leo kuku sita wa kujaribia, na chai yangu ilikuwa bado ya moto. Thelathini wa harusi ya binti wa Bi Mwanasha, Jumamosi, watawahi inshallah. Nikifaulu hapa, Msambweni nzima itaniita kwenye shughuli zao.
Jambo moja tu. Kuku mmoja alirusha miguu ndani ya maji ya moto ya kunyonyolea. Niliona jicho. Alikuwa hai.

Jumanne, 12 Machi
Jana usiku nilizipasua shingo wakati wa kutoa matumbo. Wawili koromeo limekatika, umio mzima. Kwenye chuo cha Kurani tulifundishwa: vyote viwili vikatwe, ama sivyo ni mzoga. Wote walipita maji mamoja, nimewafukia wote sita. Asha aliuliza, nikamwambia wameharibika kwa joto. Uongo huo.
Mchinjaji ni shemeji Hamadi, kaka mkubwa wa Baba Zena. Mji mzima hula kwa kisu chake. Nadhani ananikomoa. Jana alicheka, "Shemeji, kuku umewashonea kanzu za bati?" Hapendi kazi ya mwanamke imwendeshe mbio. Anataka niaibike Jumamosi.
Nimemchukia.

Jumatano, 13 Machi
Nimempelekea uji ili nimchunguze. Aliupapasa mkeka kabla ya kupata kikombe. Nikaweka sahani ya mihogo mkono wake wa kushoto, kimya. Hakuigusa. Nikakaa, nikangoja. Akasema, "Leo uji mtupu, shemeji?"

Alhamisi, 14 Machi
Ni macho. Usiku wa jana sikulala vizuri.
Zamani Asha alishika mbawa, Hamadi akamlaza kuku chini, vidole viwili vikapapasa shingo taratibu, ndipo kisu. Madebe yangu yamemnyang'anya vidole. Shingo inaning'inia, inacheza, na mimi nyuma namhimiza, haya, mwingine, mwingine.
Nimemdhania ubaya bure. Lakini mbona hasemi? Watu wanakula kwa amana yake. Amelijua hili tangu lini? Hapo bado nina hasira naye.
Nikisema, nimemvua nguo mbele ya watu. Nikinyamaza, wageni watakula mzoga kwa mikono yangu. Baba Zena yuko Ramisi kwenye miwa, hana ruhusa hadi mwisho wa mwezi. Sina wa kumuuliza.

Jumamosi, 16 Machi
Thelathini, tangu baada ya alfajiri.
Nilishika kila kichwa mwenyewe, nikavuta shingo, nikaviweka vidole vyake pale pa kukata. Kwa kuku wa kwanza tu, Hamadi alisimamisha kisu.
"Nani kakutuma unishike mkono?"
"Wanacheza, shemeji. Damu itamrukia wifi, ana leso mpya."
Nilidhani ataondoka. Kisha akasema, "Vuta basi. Lakini ukinivuta ndevu nitakuchinja wewe." Asha alicheka hadi akakaa chini.
Bismillahi thelathini, nimezisikia zote. Baada ya kila mmoja nilitia kidole jerahani. Koromeo, umio. Vyote viwili. Sikumtia kuku majini mpaka atulie kabisa, na maji sikuyaacha yachemke, ngozi isichanike. Ilikuwa polepole kuliko Jumatatu. Hata hivyo saa tatu wote walikuwa jikoni, weupe, safi.
Yeye anajua kwamba najua. Hatukutazamana.

Jumapili, 17 Machi
Pilau ilisifiwa. Madebe yamesifiwa, wanawake wawili wamekuja kuyatazama. Nimefurahi, siwezi kusema sikufurahi.
Hamadi naye kasifiwa. Bi Mwanasha amekuja hapa asubuhi kumwomba amchinjie ng'ombe wa hitima ya marehemu mumewe, baada ya mfungo. Ng'ombe. Amekubali palepale, kwa sauti. Kisha akageuza uso upande wangu, kando kidogo ya nilipokuwa.
Nilikuwa naosha sinia. Bi Mwanasha akaniuliza, mbona kimya, mama Zena? Nikamwambia ni uchovu.