Aliishia Ukurasa wa Ngapi

Dodoma,
14 Septemba, 1994.

Ndugu yangu Anselmi,

Nakusalimu wewe, shemeji Editha na wote mnaoamka na harufu ya samaki hapo Mtera. Kifua chako kimepoa? Sisi hatujambo, ila vumbi limetuingia hadi masikioni, na mimi nimenenepa mpaka kiti cha kaunta kinalia nikikaa. Usicheke, kitambi chako nakijua.

Barua yako nimeipata, pamoja na perege wakavu. Unanishukuru kwa kumpigania mwanao Hilaria siku walipopunguza wafanyakazi hapa maktaba. Perege tumewala. Shukrani imenishinda kumeza.

Unajua tangu Serikali ikaze mkanda hatununui vitabu vipya. Tunaletewa maboksi ya msaada, nusu yake yanafundisha kuendesha gari kwenye theluji! Kwa hiyo msomaji inabidi umchagulie vilevile vya zamani, na hapo ndipo binti yako alipokuwa fundi. Cheo chake kilikuwa mhudumu: kufuta vumbi, kupanga rafu, kushona vitabu vilivyochanika. Lakini kila aliyerudisha kitabu alimuuliza ameishia ukurasa wa ngapi. Watu waliona haya, wakadai wamemaliza. Yeye akawatania kwamba kitabu si dawa hata mtu alazimike kumaliza dozi. Basi wakasema kweli. Akajua fundi Noeli huchoka mapenzi yakianza. Akajua Mwajabu, muuza mtama wa Majengo aliyefiwa na mume, hataki cha kumfariji. Anataka cha mwizi mjanja, acheke. Akampa. Mwajabu akarudi na majirani watatu.

Asubuhi tukinywa chai Hilaria alinisimulia vitabu, na kila kimoja kinamfaa nani. Kisha mimi nilikaa kaunta, nikakohoa kama kadhi, nikagawa. Watu wakaniita Mwalimu, nami nikaitika. Mimi, Anselmi, ambaye tangu miwani ivunjike nimesoma vitabu viwili, na kimoja ni cha ufugaji wa kuku.

Mwezi wa sita wakaja wakubwa watatu na orodha. Wakasema kati yetu wawili atabaki yule anayewachagulia wasomaji vitabu. Wakaniuliza ni nani. Hilaria alikuwa palepale na tambara mkononi. Alinitazama akitabasamu, akiamini nitamtaja.

Nikasema ni mimi.

Hakubisha. Ananiita baba mdogo. Angenikanusha vipi mbele ya wageni? Alimaliza kufuta rafu aliyokuwa ameianza, akaaga. Kisha akaja kwenu akawaambia nilimpigania.

Sasa wasomaji nawapa kilicho karibu na mkono. Mwajabu nilimpa cha mjane. Hajarudi.

Kwa wakubwa sijasema kitu. Nina watoto watano na woga unaowatosha wote.

Anselmi, wewe na herufi hamkuwahi kuelewana, hata shukrani zako najua aliziandika binti yako, na haya pia anakusomea yeye. Hilaria, mwanangu, nakufahamu: utaipitia barua kwanza kwa macho, kisha utataka kuruka, umsomee baba salamu tu. Usiruke. Msomee yote, kwa sauti, na shemeji asikie.

Wasalimie nyumba nzima, hata watakaokataa salamu zangu.

Ni mimi rafiki yako, kama bado,
Amiri