Nyumba Iliyolala Kwenye Kiondo

Huruma, Nairobi
4 Februari 1986

Kwa mwaitu mpendwa, mama yangu,

Habari za Masii? Goti lako linaendeleaje, na Baba je, bado anakohoa? Mimi ni mzima, ila vumbi la Huruma limenikausha koo, na maji yanapanda hadi ghorofa yetu ya tatu siku mbili tu kwa wiki.

Mama, nina shida, na sioni mwingine wa kuniokoa ila wewe. Unajua nafundisha bila cheti. Muhula ujao mkaguzi wa shule atakuja kunitazama nikiwa darasani, na yeye ndiye atakayesema kama nipelekwe chuo cha walimu au niambiwe asante, nifunge virago. Nimepewa hesabu za darasa la sita, yaani mraba, pembetatu, mstatili, na jinsi ya kuyachora maumbo hayo kwa nukta. Kila nukta ina nambari mbili. Moja inakwambia uende kando hatua ngapi, nyingine inakwambia upande juu hatua ngapi. Watoto wanazichanganya kila siku na mimi nimeishiwa na maneno.

Tunaambiwa siku hizi vifaa vya kufundishia tutengeneze kwa vitu vya nyumbani. Nikakumbuka vyondo vyako. Nyuzi zinazosimama na zile zinazozunguka hukutana kama mistari ya daftari la hesabu. Naomba unisukie kiondo chenye mchoro wa nyumba. Nukta zake ni hizi: 2 na 1, 8 na 1, 8 na 5, 5 na 8, 2 na 5. Ziunganishe kwa kufuatana, kisha urudi ulipoanzia. Nimekuwekea karatasi za miraba ufanyie majaribio kwanza.

Msalimie Baba.

Mwanao,
Nthambi


Masii
27 Februari 1986

Mwanangu Nthambi,

Mimi mzima. Goti linauma likitaka, na baba yako siku hizi anakohoa akiona jembe tu. Wewe je, unakula? Munyoki wa lori aliniambia umekonda, nikamwambia macho yake ni ya kuangalia barabara.

Barua yako nimeisoma mwenyewe mwanzo hadi mwisho. Mwalimu wa gumbaru, darasa letu la watu wazima, alitaka kunisaidia nikamwambia akae. Nakujibu kwa Kiswahili kwa sababu ndicho tunachofundishwa, na pia nataka Ndindi, jirani yetu aliyeacha gumbaru akisema tumezeeka, anione nikiandika kurasa mbili bila kufuta.

Kiondo kimenichukua siku kumi na saba. Hukuniambia nianzie wapi, na kiondo ni mviringo, kwa hiyo nimefunga uzi mwekundu pale pa sifuri. Kila hatua nimeipa nyuzi tano na mizunguko mitano. Nilichora kwanza kwenye karatasi zako, ndipo nikasuka. Hakuna uzi hata mmoja niliokosea, hesabu ukitaka. Ule weusi wa nyumba nimeutoa kwa magome ya miti, si dawa ya dukani.

Munyoki atakuletea kwa lori lake la ndengu. Wanawake wa kikundi chetu walikuja kukitazama, nikawaambia hiki ni cha mwalimu wa Nairobi, na mwalimu huyo nimemzaa mimi. Nilijisikia vizuri sana, sikufichi.

Mama yako,
Nthoki


Huruma, Nairobi
12 Machi 1986

Mama mpendwa,

Natumaini wote hamjambo. Mimi sijambo, kazi tu ndiyo nyingi.

Kiondo kimefika salama, asante kwa kujitaabisha. Lakini Mama, nyumba imelala. Paa limeelekea kulia na sakafu imesimama kama ukuta. Umezipindua nambari. Kila mtu anajua unaenda kando kwanza, ndipo unapanda juu. Nilikipeleka shuleni nikiwa na furaha, nikamwonyesha mwalimu mwenzangu Selpher, naye akacheka hadi akaweka chaki chini. Niliona aibu nikakifunika kwa leso.

Si kosa lako, najua hukusoma. Nitachora chati kwenye kadibodi, usijisumbue tena.

Mwanao,
Nthambi


Masii
29 Machi 1986

Kwa Mwalimu Nthambi,

Hatujambo. Baba yako anakusalimu.

Umesema kila mtu anajua. Kila mtu yupi? Barua yako ya kwanza ninayo hapa. Umeandika moja ni ya kando na nyingine ni ya juu. Hukuandika ipi ni ipi.

Sisi wasusi tunaanza chini kwenye kitako na kupanda. Huwezi kuhesabu nyuzi za mzunguko ambao hujausuka. Kwanza unapanda hadi kwenye mzunguko wako, ndipo unahesabu kwenda kando. Mama yangu alinifundisha hivyo, na wanawake wote wa hapa Masii hutajiana hivyo, mzunguko mbele, uzi nyuma. Uliposema 2 na 1 nikapanda hatua mbili, nikaenda kando hatua moja. Niliona imelala, lakini nambari ni zako, nikazifuata. Nionyeshe kosa langu hapo.

Tena umesema sikusoma. Neno hilo nimelisoma mara tatu. Kama ningekuwa nimesomewa na mtu mwingine, ningesema amekosea.

Mvua imeanza. Nina shamba la kupanda.

Mama yako


Huruma, Nairobi
30 Juni 1986

Kwa mwaitu mpendwa, mama yangu,

Hii ni barua ya tatu tangu Aprili na hujanijibu hata moja. Nilipoona kimya nikadhani ni ugonjwa. Munyoki akaniambia uko mzima, unapalilia, na ukitajiwa jina langu unauliza habari za ndengu. Nikajua basi, ni mimi.

Nilikwambia hukusoma. Nisamehe, Mama. Niliona aibu mbele ya Selpher, nikaitupa aibu hiyo kwako. Na ulikuwa umesema kweli, sikuandika ipi inatangulia. Ndipo nikatazama madaftari ya wanafunzi wangu nikaona hata wao sijawahi kuwaeleza. Niliwaambia tu wakariri.

Sasa nikueleze yaliyotokea. Mkaguzi alikuja Jumatano ya tarehe 18, bila taarifa. Mezani nilikuwa na ile chati ya kadibodi, safi, nyumba imesimama wima. Kiondo kilikuwa kabatini. Mama, nikaona kwa chati ile watakariri tu tena. Nikaiegemeza chati ukutani, nikafungua kabati, nikaweka kiondo chako mezani mbele yake.

Alikichukua, akakigeuza huku na huku, akasema, "Mwalimu, hii nyumba yako imelala." Darasa likacheka. Nikajua nikikosea hapo nimekwisha. Nikawaandikia nukta zetu ubaoni, nikawauliza kama aliyesuka alikosea kuhesabu. Wakahesabu wawili wawili, kuanzia kwenye uzi mwekundu. Kitonga, ambaye hajawahi kunyoosha mkono tangu Januari, akasema nyuzi zote ziko sawa. Nikawauliza, basi mbona imelala? Halafu akasimama Luul, msichana ambaye baba yake anauza vitambaa Eastleigh.

"Mwalimu, huyu mtu hajakosea," akasema. "Ni vile ameanza na juu. Sisi tunaanza na kando. Lazima watu waelewane kwanza wataanza na gani."

Nikawaambia upande wa dirishani wachore kwa njia ya aliyesuka, upande wa mlangoni kwa njia ya kitabu. Kalamu zikaanza. Nyumba ishirini zikalala, nyumba ishirini na mbili zikasimama, na hakuna mtoto aliyechanganya. Mkaguzi naye akachora nyuma ya faili yake. Nilimwona akichora yako, Mama, ile iliyolala, akainamisha kichwa kuitazama.

Kipindi kilipokwisha akajaza fomu. Akaniuliza kifaa kimetengenezwa na nani. Nikasema mama yangu. Akasema hawezi kuandika "mama yake" kwenye karatasi ya serikali, nimpe jina kamili. Nikamtajia. Ameandika hivi, nimenakili: Kifaa kimesukwa na Bi. Nthoki Mativo wa Masii, kwa hesabu isiyo na dosari.

Barua ya majibu imekuja Ijumaa. Naingia chuo cha walimu mwezi wa Septemba. Selpher ameniomba kiondo atumie darasani kwake, nikamwambia akiombe kwa mwenyewe.

Nijibu, hata kama ni mstari mmoja.

Mwanao,
Nthambi


Masii
14 Julai 1986

Mwanangu Nthambi,

Sisi wazima kabisa. Mahindi yameitikia, goti limenyamaza. Nafurahi kusikia uko salama. Kula vizuri, chuoni hawataki mtu wa kuanguka.

Barua zako zote ninazo. Mbili za kwanza sikujibu kwa sababu nilikuwa na hasira, na unajua yangu haina haraka ya kuondoka. Hii ya mwisho nimeisoma gumbaru, nimesimama mbele, kwa sauti. Pale palipo na jina langu nilipasoma mara mbili. Mwalimu akadhani nimepotea mstari, nikamwambia sijapotea. Baba yako alikuja kunisikiliza na hakukohoa hata mara moja. Juzi Ndindi amerudi darasani na penseli mpya.

Mwambie Selpher ninamsukia chake. Lakini aniandikie barua mwenyewe, na aseme ipi inatangulia.

Nimekuwa nikifanya majaribio kwenye zile karatasi zako zilizobaki. Chukua daftari la miraba sasa hivi, kabla hujafanya kitu kingine. Anza 1 na 1. Nenda 1 na 7. Kutoka hapo 7 na 1. Malizia 7 na 7, na usirudi mwanzo. Tangulia na kando kama mnavyotaka nyinyi wa shule. Ukitangulia na juu itatoka kitu kingine, nimejaribu.

Umeiona hiyo N? Ndiyo herufi ya kwanza waliyonifundisha gumbaru, kwa sababu ya jina langu. Ni ya jina lako pia. Nilikupa jina hilo kabla sijajua kuliandika.

Mama yako,
Nthoki