Mnara Nilioujenga Kabla ya Kusoma

Jumanne. Jua limewaka tangu asubuhi na karakana yangu hapa mtaani Munuki imekuwa tanuri. Sijachomelea hata bawaba moja. Nimekaa na kitabu.

Mimi ni fundi wa vyuma; shule niliiachia kidato cha pili huko kwetu Kitale, kabla ya kuvuka mpaka kuja huku. Mwaka huu niliamua kujifunza hesabu za kazi, zile za kujua chuma kitabeba nini. Nimejaribu njia zote. Video za simu: bando huisha mwalimu akisema sasa tunafika kwenye jambo muhimu. Mwalimu wa jioni: alinieleza vizuri sana mambo niliyokuwa nayajua. Mwishowe kitabu kisicho na jalada, nilichokipata soko la Malakia.

Kitabu kinasema hesabu huingia kwa kufanya maswali. Maswali yake ni ya madaraja, ya nchi zenye madaraja. Nikaona nitumie kitu changu mwenyewe: mnara wa tangi la maji niliomjengea Mama Keji, mwenye vyumba vya wageni kule Gurei, miaka miwili iliyopita.

Hapo ndipo nilipojiharibia siku.

Minara yangu ya kwanza ilikuwa ya mita tatu. Yeye alitaka sita, ili maji yapate nguvu ya kufika bafuni kwa wageni. Nikatumia chuma kilekile, kirefu zaidi. Vyuma vya mshazari vya kufunga miguu alivikataa, kwa sababu hapo chini, kivulini, ndipo anapouzia chai. Sasa kitabu kinaniambia mguu ukirefuka mara mbili, uwezo wake hubaki robo.

Robo.

Nimerudia mara nne, nikiomba niwe mjinga. Jibu ni lilelile: miguu itaanza kupinda maji yakipita lita elfu tatu. Tangi ni la elfu tano. Limesimama kwa sababu pampu ya lori la maji ni dhaifu, haijawahi kulijaza kupita nusu. Kesho kisima chake kipya kinaanza kazi, na pampu ya kisima haichoki.

Saa tisa nikachukua boda. Chini ya mnara walikuwa wameketi watu saba. Nikamweleza Mama Keji, kitabu mkononi.

"Fundi, hii kitu imesimama miaka mbili," akasema huku akimimina chai. "Leo ndiyo kitabu inaiona?"

Mteja mmoja akasema labda kitabu kina kiu. Wakacheka. Nikamwonyesha Mama Keji kurasa, akazitazama kama picha za harusi ya watu asiowajua.

Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini, "Siku ile unajenga, ulipiga hesabu?"

Ningeweza kudanganya. Nimewahi kudanganya kwa mambo madogo zaidi.

"Sikupiga, Mama. Nilikadiria kwa macho."

Akaweka birika chini. "Khalas, basi. Inukeni, bebeni viti," akawaambia wateja. Akampigia simu mtu wa pampu, asiiwashe kesho. Mimi hakunitazama tena.

Jina langu limekwisha Gurei, na kufikia Jumamosi litakuwa limekwisha hapa pia. Lakini silo ninaloliogopa. Nimejenga minara mingine sita baada ya ule, na urefu wake sikuuandika popote, kwa sababu sikujua urefu ni jambo.

Kesho nabeba futi ya kupimia. Naanza na ule wa kanisa, maana kwaya hufanyia mazoezi chini yake.

Wakiniuliza ninapima nini, nitawaambia?