Karte Inayongoja Kidole

Bunia, Bigo, 3 Machi 2025

Bwana yangu Blanchard, mpenzi,

Nakusalimu kwa salamu zote nilizo nazo, na zikikwisha nitaanza tena. Uko mzima? Mgongo haukuumia kwa kukaa juu ya magunia mpaka Aru? Huku tuko salama. Mama yako alifika jana kutoka Gety na kapu la mihogo, akanikuta nafagia huku naimba, akasema, «Uyu mutoto, ndoa inamukula kichwa.» Nikamjibu, «Mama, acha imalize.» Leo ni siku ishirini na tatu tangu tutoke kanisani, na bado nikisikia mtu anasema «bibi ya Blanchard», nageuka kumtafuta huyo mwanamke mwenye bahati.

Simu yako haipatikani, ndiyo sababu nampa dereva Gaspard barua hii.

Habari kubwa: nimepata karte ya muji, kitambulisho cha mkaaji. Ni ile tuliyoisikia redioni. Biro ya muji, ofisi ya mji, inamwandika kila mkaaji, inampiga picha, inachukua alama ya kidole gumba, kisha inampa karte yenye jina lake, kartye na avenue yake, mtaa na njia anayokaa. Haiulizi babu yako alizaliwa upande gani. Inasema tu: huyu ni mtu wa Bunia, anakaa Bigo. Karani, mama Bénédicte, aliniuliza nimeolewa na nani. Nilitamka jina lako polepole, kama mtu anayekula embe ya kwanza ya mwaka, hata watu wa mstari wakacheka. Akaliandika. Jina lako limo ndani ya karte yangu, mpenzi, na hakuna wa kulitoa.

Nayo inasaidia kweli. Zahanati walinifungulia fishi, karatasi ya matibabu, bila kudai mashahidi. Laini yangu ya simu imeandikwa. Ijumaa askari walisimamisha watu njiani, wasio na karatasi wakakalishwa chini, mimi nikaambiwa, «Pita, mama.» Laiti ungekuja nami siku ile. Ila ulisema karte ya uchaguzi inakutosha.

Na hapo pana siri yangu. Siku moja kabla ya safari niliiba karte yako mfukoni. Pembe zilikuwa zimeanza kuchanika, nikaipeleka kwa mama Viviane wa fotokopi, akaivika plastiki kwa mashini. Ilitoka ikiwa ya moto, nikaifunga mara moja ndani ya bahasha bila kuitazama, nikaandika juu: Usifungue mpaka Aru. Umefungua? Sasa hata mvua haitaigusa sura yako.

Rudi upesi. Kitanda ni kikubwa mno.

Bibi yako,
Séphora


Aru, 11 Machi 2025

Bibi yangu Séphora,

Amani iwe kwako na kwa mama. Mimi mzima, mgongo ni mzima, na barua yako nimeisoma mara nne, mara ya nne kwa sauti, mpaka Muzee Paul, mwenye depo hii, ghala la magunia, akaniomba nirudi kupokea mizigo yake.

Bahasha nilifungua. Usistuke, mpenzi. Sura yangu haimo. Karte yote imekuwa nyeusi kama sufuria ya maharagi. Muzee Paul anasema karatasi ya namna hii inaandikwa kwa moto, kwa hiyo moto mwingine unaila. «Bibi yako amekupika,» akasema, na depo nzima ikacheka. Nami nilicheka.

Nilicheka mpaka Jumamosi, nilipopanda lori la Gaspard nirudi kwako. Wakati wa kuja hawakutuuliza kitu, tulikuwa kwenye orodha ya msafara. Safari hii, kwenye bariere ya kwanza, kizuizi cha njiani, askari aliigeuza karte juu na chini. «Uyu ni weye?» Nikasema ndiyo. «Bakakupigia picha mu shimo?» Akaniteremsha. Unajua kijana asiye na piesi, karatasi ya kumtambulisha, katika njia ile anaitwa nani: mtu wa porini, mwenye bunduki aliyoificha mahali. Aliandika jina langu, akanirudisha Aru, akasema akiniona tena barabarani bila piesi atanifunga.

Nilikwenda biro ya hapa kumwomba karani karatasi ya kushuhudia kwamba karte imepotea.

«Imepotea?»

«Hapana, hii hapa.»

«Sasa nitaandika namna gani imepotea, nayo unaishika?»

Nikamwambia basi niende niitupe. «Nimekwisha kuiona, ndugu.» Akanishauri nitafute karte ya muji mahali ninapokaa. Na mahali ninapokaa ni huko kwako.

Laini yangu nayo imekatwa, wanataka niiandikishe upya kwa piesi. Kwa hiyo tuandikiane. Sina hasira, Séphora. Ulitaka mvua isiniguse. Uliza tu kwa biro ya muji kama kuna njia.

Bwana yako,
Blanchard


Bunia, 17 Machi 2025

Mpenzi wangu,

Nikuulize afya yako kwa mdomo gani, na mimi ndiye niliyekuunguza? Natumaini unakula. Natumaini Muzee Paul anakupa blanketi. Mama yako ni mzima. Sikumficha. Alinitia chai.

Nilikimbia kwa mama Viviane. «Uliniambia nifunge plastiki, nikafunga,» akasema. «Haukusema ni karatasi gani.» Ni kweli. Sikusema, nilikuwa nawaza jinsi utakavyofurahi.

Kutoka pale nikaenda biro ya muji. Mama Bénédicte alinikumbuka. «Weye si ule wa Blanchard?» Nikamweleza yote.

«Akuje yeye mwenyewe,» akasema.

«Hawezi kupita bila karte.»

«Nami siwezi kumupa karte bila yeye.»

«Basi mama, aanze nani?»

Alifuta miwani yake muda mrefu. Mwishowe akaniuliza kama nina picha yako. Nilikuwa na moja tu, ile ya arusi. Akaniazima makasi. Nilikukata pale pale mezani, mpenzi, polepole nisije nikakukata sikio, na sasa katika picha ile nimebaki peke yangu, nacheka na tundu.

Chef wa avenue, kiongozi wa njia yetu, alikuja kuweka sahihi kwamba anakujua. Mashini ikatoa karte. Jina lako, Bigo, avenue yetu, tabasamu yako. Ila kisanduku cha kidole ni cheupe. «Bila kidole mashini haiikubali,» mama Bénédicte akasema. «Ni plastiki tu. Hata nikikupa, bariere ya kwanza wataikamata, na mimi pia watanikamata.» Nikamwomba niishike kidogo. Watu wa mstari walingoja, hakuna aliyenung'unika. Kisha akaiweka kwenye mtoto wa meza, akafunga kwa ufunguo.

«Iko tayari,» akasema. «Inangoja kidole.»

Mpenzi, karte ya kukuleta Bunia iko Bunia. Napita mbele ya biro ile kila siku nikienda sokoni, na kila siku najua uko pale ndani, umefungiwa, unacheka.

Bibi yako,
Séphora


Aru, 24 Machi 2025

Bibi yangu,

Salamu nyingi, na kwa mama vilevile. Nilipata homa siku mbili, imekwisha, usihesabu. Hapa wanasema mvua imechelewa.

Ukaniambia ulinikata kwa makasi bila kugusa sikio, nikajishika sikio kuhakikisha.

Séphora, mambo yamebana. Kila jioni askari wanapita kwenye depo. Wasio na piesi wanakalishwa uani. Nimekwisha kukaa mara tatu. Mara mbili Muzee Paul alinitoa kwa maneno matamu. Mara ya tatu mkubwa wao akaniuliza, «Nani anakujua, weye?» Nikasema bibi yangu. Akatazama wenzake. «Bibi haiko piesi.» Walicheka, na nakiri nilisema neno lile rohoni usiku kucha, ili nione kama lina jibu.

Wanasema Aprili ikianza, asiye na karatasi ataondolewa mjini, akakae mahali mpaka ajulikane ni nani. Mahali gani, hawasemi. Gaspard sitamwomba anifiche. Nilimtazama tu, akasema kabla sijafungua mdomo, «Ndugu, niko na batoto.» Wengine wanavuka Uganda. Lakini nikivuka bila jina, nitarudi nikiwa nani?

Hapa chini nimeweka kidole gumba changu, kwa wino wa muhuri wa Muzee Paul. Nilikinawa kwanza, nikakibonyeza mara moja, hakikuteleza. Mpelekee mama Bénédicte. Labda atakuwa na huruma, au mashini yake.

Bwana yako,
Blanchard


Bunia, 29 Machi 2025

Blanchard wangu,

Homa imekwisha kweli? Usinifiche, nimeapa mbele ya pasta kuzijua homa zako zote.

Kidole chako nilikibeba kifuani, nimeweka karatasi mbili juu yake kisifutike. Mama Bénédicte hakuniambia kwamba haiwezekani, ingawa alijua. Alikilaza juu ya kioo cha mashini. Taa nyekundu. Akakipangusa kioo kwa kitambaa chake, akakilaza tena. Taa nyekundu.

«Inataka kidole chenye damu,» akasema.

Nikamwuliza kama mashini inaweza kusafiri, hata siku mbili, mimi nitaibeba mgongoni kama mtoto. «Mashini ni ya muji, binti yangu. Na muji inaishia pale bariere ya kwanza.» Mwenye kuweza kutoa ruhusa yuko safarini, na mwenye kushika nafasi yake anangoja huyo arudi. Niliandika ombi hata hivyo. Niliandika mawili, la pili kwa herufi nzuri zaidi.

Basi nakuja mimi. Karte yangu inapita kila mahali, tena jina lako limo ndani. Nitaleta na cheti cha ndoa. Mama yako aliniuliza, «Na ukifika, utafanya nini?» Nikasema, «Sijui, mama.» Akasema, «Haya, enda na iyo.» Barua hii anatangulia nayo dereva wa kesho. Mimi natoka Jumanne na Gaspard. Kama hauwezi kuja nyumbani, nyumba itakuja kwako, tutakaa Aru katika chumba cha Muzee Paul mpaka mashini ipate huruma. Usitoke depo. Wakija, sema bibi yako yuko njiani.

Bibi yako,
Séphora


Aru, 4 Aprili 2025

Mpenzi wangu Blanchard,

Nakusalimu kutoka nje ya ukuta. Kama unasikia mwanamke anakohoa upande wa lango, ni mimi, ni vumbi tu, niko mzima. Wewe je? Ulikula leo?

Nilifika jana mchana. Muzee Paul alinishika mikono miwili kabla ya salamu, nikajua. Walikuja Jumanne asubuhi, siku ile ile nilipopanda lori. Anasema uliwaambia bibi yako yuko njiani, na mmoja akajibu, «Tutamusalimia.» Muzee aliuliza kila mtu aliyethubutu kumwuliza, mpaka akaonyeshwa lango hili, nje ya mji. Blanketi yake uliikunja vizuri.

Bariere zilikuwa saba. Kila mahali walitazama karte yangu, wakatazama sura yangu, wakaniambia, «Pita, mama.» Sikujua neno zuri kama lile linaweza kuchosha hivi. Wanaume wawili waliteremshwa. Mimi nilipita.

Leo askari wa lango alinisikiliza, si mtu mbaya. Nilimtajia jina lako akatafuta katika daftari. Hakuliona. Akanieleza kwamba waliofika bila piesi hawaandikwi kwa jina, maana jina ni lazima lishuhudiwe na piesi. Wanaandikwa kwa idadi: wanaume kumi na tisa. Nikamwambia mmoja wao ni wangu. Ni mrefu, anacheka kwanza kwa macho, anachechemea kidogo asubuhi kabla mgongo haujapata joto. Akasema, «Mama, iyo haina pa kuandikwa.» Nikamwonyesha cheti cha ndoa. Akakisoma mpaka mwisho, kwa heshima. «Iyi inasema muko na ndoa,» akasema. «Haisemi ni yupi kati yao.»

Nikamwomba aniitie wote wasimame, nitakuonyesha kwa kidole changu. Akasema hana ruhusa. Nikamwomba nikae nawe humo ndani. Hapo alichukua karte yangu mara ya pili, akaigeuza, akaipangusa vumbi kwa mkono wa shati, akanirudishia kwa mikono miwili.

«Hapa ni pa wasiojulikana,» akasema. «Weye karte yako iko safi, mama. Unaweza kurudia kwenu.»

Amekubali kubeba barua hii. Atawasomea mstari wa kwanza, atakayeitikia atapewa. Itika, mpenzi.

Bibi yako,
Séphora