Majibu Yaliyofungwa kwa Kidole

Jumanne, Mweiga

Wameiondoa ile mashine ya faksi hospitalini. Miaka yote majibu ya maabara ya Nairobi yalitokea pale, na karani akayasoma kwa sauti ili mwenyewe ajitokeze. Ndivyo foleni nzima ilivyojua ugonjwa wa marehemu mke wangu, Nyambura, kabla yeye mwenyewe hajaujua. Alijifunika uso kwa leso.

Leo nilifuata majibu yangu, ya kivimbe cha shingoni. Wiki mbili sikulala vizuri.

"Guka, majibu iko kwa simu yako," karani akasema, akiniita babu kwa Kikuyu. "Weka kidole."

Simu ikakataa. Miaka ya kulima viazi imenila alama za vidole.

"Jaribu kale kadogo, tulikaandikisha pia. Hako hakashiki jembe."

Foleni ikacheka. Nikamwomba anisomee yeye.

"Mimi? Hata nikitaka, kwangu haifunguki."

Kidole kidogo kikakubali. Nikayasoma mwenyewe. Maneno yale yalitoka Nairobi yakiwa yamefungwa, yakapita katikati ya watu wote, na hakuna aliyeyaona. Bado nastaajabu.

Tangu tufukuzwe Bonde la Ufa wakati wa ghasia, habari zetu hufikia wengine kwanza. Hata kuchomwa kwa nyumba yetu ya huko tulikusikia sokoni.

Kivimbe si saratani. Nililibeba jibu hilo peke yangu hadi nyumbani, nikaenda kaburini nyuma ya zizi, nikamwambia Nyambura. Mweiga nzima, ni yeye tu anayejua.